Majina Yamebaki Japani

Luqman alimwona Polikarpi kabla Polikarpi hajajua kwamba yeye ni mtu wa kuonwa.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, stendi ya Kayanga. Gari jeupe lililotoka Japani juzijuzi lilikuwa limeegeshwa kando ya kibanda cha chipsi, mlango wazi. Ndani alikaa mzee mwenye koti zuri na viatu vyenye udongo, akiigombeza redio.

"Sema basi! Sema!"

Redio ikamjibu kwa herufi za kijani: TRACK 01.

Luqman akaweka chini kikombe cha chai ambayo hakuwa na nia ya kuilipia, akafuta midomo, akavaa uso wa fundi. Ufundi wenyewe ulikuwa bisbisi moja, utepe mweusi na kitambaa cha kufutia vioo. Silaha yake ya kweli ilikaa nyuma ya meno. Karagwe ni nchi ya Kinyambo, Kihaya na Kinyarwanda cha jikoni; Kiswahili watu wengi wamekikuta shuleni wakiwa na viboko vya kukumbuka. Kwa hiyo mtu anayekimimina bila kutafuta neno, watu humdhania kasoma sana au katumwa na serikali. Luqman hakuwa hata kimoja. Bibi yake mzaa baba alitoka Pangani, basi. Urithi wote aliomwachia ulikuwa ulimi, na Luqman aliufanyisha kazi kama punda wa maji.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba."

"Gari zuri hili. Ila naona linakuficha kitu."

Polikarpi akageuka kwa uchungu wa mtu aliyengoja siku nyingi kuulizwa. Akaeleza yote. Yeye ni mkulima na mnunuzi wa kahawa, Nyabiyonza. Jirani yake, Anastazi, ana gari la zamani kuliko hili, lenye mlango uliofungwa kwa waya, lakini redio yake inaandika jina la kila wimbo. Jumapili iliyopita Polikarpi alimpa lifti mzee wa kanisa. Mzee yule alitazama kioo cha redio njia nzima, halafu akauliza: "Huyu Track ni mwimbaji wa parokia gani? Naona kila wimbo ni wake." Anastazi alikuwa kiti cha nyuma. Alicheka mpaka Nyakahanga.

"Mzee," Luqman alisema polepole, kama daktari mwenye majibu mabaya, "gari hili lilikuwa la nani kule Japani?"

"Nitajuaje?"

"Basi ugonjwa ndio huo. Majina yamo, lakini bado yanamtii mwenye gari wa kwanza. Yamebaki Japani. Wewe umeletewa mwili, roho imesahaulika bandarini."

"Mama yangu! Na waliponiuzia hawakuniambia!"

"Nani atakwambia? Kuyavuta ni kazi ya nusu siku tu. Tatizo ni Kayanga: mawimbi yanapita juu ya vichwa vyetu. Panatakiwa mlima. Pale Nkwenda, ukisimama, Rwanda hii hapa, Uganda ile pale. Nchi tatu, mzee! Majina yanakuja yenyewe yakigombea kuingia. Nipe gari Jumamosi, jioni nakurudishia linataja mpaka jina la mpiga ngoma."

"Kwa nini Jumamosi?"

"Wajapani hawafanyi kazi Jumamosi. Njia inakuwa nyeupe."

Tuseme ukweli, kwa kuwa Luqman hakuwa na mpango wa kuusema. Nkwenda, wilayani Kyerwa, hakukuwa na mawimbi yoyote ya majina. Kulikuwa na Samiha. Samiha alikuwa binti wa Shabani, mwenye duka la vitenge. Miezi mitano Luqman alikuwa akienda pale kununua sindano moja moja ili azungumze naye, na katika mazungumzo hayo gari lilijitokeza, jeupe, lake mwenyewe. Shabani alikwisha kusema wazi kwamba binti yake haolewi na mtu wa kudandia bodaboda. Jumamosi ndiyo siku aliyompa Luqman kuja na gari na mkubwa wake. Jumapili ilikuwa ya mwenye duka la saruji. Luqman angekwenda kwa miguu Jumamosi, Jumatatu Samiha angekuwa mchumba wa saruji. Na Luqman, kwa mshangao wake mwenyewe, alikuwa anampenda kweli. Lilikuwa jambo la kweli pekee alilokuwa nalo, na hakujua namna ya kulisema bila kulipamba.

Ijumaa alipeleka diski tupu kwa Ikram, dada anayechoma nyimbo na kuchapa barua kwenye kibanda cha karibu na soko, pamoja na nyimbo alizopewa na Polikarpi na karatasi ya daftari iliyoandikwa majina kwa mkono wa Gloriose, mke wa Polikarpi. Hakuisoma. Luqman hakuwa na tabia ya kusoma kitu anachoweza kukieleza bila kukisoma.

"Majina hayatoki mlimani, kaka," Ikram alisema huku akichapa. "Diski ya nyimbo haibebi jina mpaka uliandike wakati wa kuchoma, halafu uweke tiki hapa, kwenye kisanduku cha maandishi. Mafundi wengi wanakiruka. Na redio nayo iwe ya kusoma maandishi. Nyingine mpaka uminye kile kitufe cha..."

Simu ya Luqman ikalia. Alikuwa kinyozi wake. Kitufe hakukisikia, na kwa kuwa hakukisikia, hakikuwapo.

*

Jumamosi asubuhi alifika Nyabiyonza ndani ya kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikakaa kama karatasi. Polikarpi na Gloriose wakasimama kando ya gari wakasemezana Kinyarwanda, lugha waliyoletewa na wazee wao. Luqman, ambaye Kinyarwanda chake kiliishia kwenye salamu, akatabasamu huku akisikia "Nkwenda" na "Nkwenda" tena.

"Sawa," Polikarpi alisema. "Ila mama anakwenda nalo."

"Mama yupi?"

Mama huyo alikuwa ameshakaa kiti cha mbele. Jina lake Nyirabageni, mzaa Polikarpi, mwembamba kama mpini, kitenge kimefungwa mpaka kidevuni. Nyuma walikuwa wamepakia mkungu wa ndizi, kibuyu cha maziwa na kuku mmoja aliyefungwa miguu.

"Mzee, kazi ya mawimbi ni ya hatari kwa watu wazima..."

"Huku kwetu gari haliondoki tupu," Gloriose alimkata. "Utasemwa mwaka mzima. Mama si msemaji, hatakusumbua."

Kweli hakusumbua. "Shikamoo bibi," Luqman alimwambia, naye akaitikia kwa kichwa. Akamuuliza kama kiti kinamtosha, kichwa. Akamuuliza kama ana ndugu Nkwenda wa kumshusha kwake. Kichwa kile kile. Luqman akahitimisha kwamba bibi hajui Kiswahili, na hitimisho hilo likamfurahisha hadi akampigia rafiki yake simu, sauti ya nje, mkono mmoja kwenye usukani.

"Ndugu yangu, limekuja! Mzee kaniamini, kanipa na mafuta! Eti majina yamebaki Japani!... Wee, nina kizee hapa pembeni, mzigo tu, hakielewi hata neno... Wakiuliza gari, nasema nililiagiza mwenyewe. Ulimi wa bibi yangu wa Pangani umelipa! Samiha leo ni wangu!"

Nyirabageni alitazama migomba ikipita.

Omurushaka walisimama. Luqman akashuka kung'arisha viatu, na kwa kuwa mng'arishaji alikuwa na masikio mazuri, akakaa zaidi ya ilivyohitajika. Ndani ya gari bibi aliona diski juu ya dashibodi. Zilikuwa nyimbo za mwanawe. Akaisukuma mdomoni mwa redio kama alivyomwona Polikarpi akifanya. TRACK 01. Akaminya kitufe cha kwanza: sauti. Cha pili: saa. Cha tatu, chenye neno TEXT, alikiminya akakishikilia, kama mtu anayebonyeza kengele ya nyumba ambamo anajua wenyewe wamo. Herufi zikatikisika, zikaanza kutembea. Bibi akazisoma zote, kwa utulivu, mpaka mwisho. Kisha akakunja mikono.

Luqman aliporudi, wimbo wa kwaya ulikuwa umejaa garini. Akazungusha sauti mpaka sifuri. "Si leo, bibi. Ukweni kwangu ni Waislamu, hawa wako wa parokia wasije wakanitangulia kusalimia." Kioo cha kijani akakiacha kiwake, kwa ajili ya fahari. Hakukitazama. Alikuwa akijitazama yeye, kwenye kioo cha juu.

*

Nkwenda bibi alikataa kushuka. Luqman alimfungulia mlango sokoni, akamfungulia kwenye zahanati, akamfungulia penye kivuli. Kila mara bibi alitazama mlango kana kwamba ni wa mtu mwingine. Ndipo Luqman akapigwa na wazo, na mawazo yake, lazima tumpe haki yake, yalifika haraka kuliko mabasi. Shabani alitaka gari na mkubwa wa kuja naye. Mkubwa huyu hapa! Hasemi, haelewi, ana mvi, na ana kuku.

"Hodi!"

"Karibuni, karibuni ndani!" Shabani alisema kwa mdomo, huku macho yake yakiwa yamekwisha kutoka nje kulizunguka gari. Dada yake, Zuena, alibaki kibarazani na Samiha, ambaye alikuwa ameshika birika la chai na hammiminii mtu.

"Baba, huyu ni bibi yangu aliyenilea," Luqman alisema. "Kiswahili hakujaaliwa, ila moyo wake wote uko hapa."

"Bibi, shikamoo. Karibu sana." Shabani akamgeukia Luqman. "Hili ndilo?"

"Ndilo."

"Lako?"

"Niliagiza mwenyewe, baba. Nikasema rangi nyeupe, maana Samiha anapenda usafi."

Shabani akaingia, akashika usukani, akajaribu kiti kama mtu anayekadiria marobota mangapi ya vitenge yataenea nyuma. Halafu akainamia redio.

"Hee! La kwako linaandika majina! Redio yangu ya dukani inasema Track, Track, kama imekwama!"

Luqman alishtuka kuliko Shabani, lakini mshtuko aliumeza mzima. "Nilifanya mwenyewe, baba. Ni ufundi wa..."

"Ga-ri la Po-li-kar-pi," Shabani alisoma kwa sauti, kidole kikifuata herufi, "li-me-fi-ka Nya-bi-yo-nza."

Kuku alikohoa huko nyuma.

Polikarpi alipobarikiwa gari na padri, kwaya ilimtungia wimbo. Gloriose aliuandika wa kwanza kwenye karatasi. Ikram akauchapa. Kila mtu alifanya kazi yake vizuri, na hilo ndilo Luqman hakuwa amelitegemea.

"Polikarpi ni nani?" Shabani aliuliza.

"Ni... kampuni, baba."

"Ya wapi?"

"Japani."

"Polikarpi wa Japani, Nyabiyonza?"

"Ni tawi."

Wimbo ukabadilika. Shabani akasoma tena. "Polikarpi na Gloriose, miaka ishirini na mitano ya ndoa. Gloriose naye ni tawi?"

Luqman akafungua mdomo. Kabla hajapata tawi la tatu, macho yakamponyoka. Kibarazani Samiha alikuwa ameliweka birika chini na kuinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Luqman alitaka sana kuamini kwamba analia.

"Baba Samiha, usimhangaishe mtoto," ilisema sauti.

Ilikuwa sauti ya Kiswahili cha Tanga, kilichonyooka na kutandazwa kama mkeka mpya. Luqman aligeuka kumtafuta msemaji. Alikuwa Nyirabageni.

"Polikarpi ni mwanangu mie. Na huyu ni mjukuu wangu, ila ana haya. Hapendi watu wajue kwamba kwao ni shamba. Gari ni la ukoo. Akiliita lake, hajakosa, wala hajapata sawasawa. Mwanangu aliimbiwa na kwaya, akaona raha, akaandikisha. Ndiyo makosa?"

"Si makosa, bibi," Shabani alisema, kichwa kikimzunguka. "Lakini kijana anaitwa Luqman, na nyie wenzangu mna kwaya..."

"Bibi zake tuko wawili. Mmoja wa Pangani, ndiye aliyempa jina na maneno. Mie nimempa shamba la kahawa." Akamtazama Luqman kwa upendo wa kutisha. "Mwambie baba yako, mjukuu wangu. Ni uongo?"

Luqman alitazama gari, akamtazama Shabani, akamtazama Samiha. Akatambua kwamba kuna mlango mmoja tu wa kutokea, na bibi amekaa mlangoni.

"Ni kweli tupu," alisema.

Walipokuwa wakielekea sebuleni alimwinamia sikioni. "Bibi, unajua Kiswahili?"

"Nimezaliwa kambi ya mkonge, baba, kule Tanga. Wazazi wangu walikwenda kukata katani. Nimekisema Kiswahili kabla bibi yako hajakuletea hicho cha kuombea chai. Simu yako yote nimeisikia. Hata lile neno 'kizee'."

"Bibi, samahani..."

"Kunywa chai yako."

*

Mambo yakawa mepesi kupita kiasi. Shabani, aliyekwisha kuona gari la kubeba marobota, sasa aliona na shamba nyuma ya gari. Kwa utaratibu wao, mahari huitaja binti mwenyewe. Zuena akaingia chumbani kumuuliza Samiha, akakaa huko muda mrefu, kikasikika kicheko kilichobanwa na mto, kisha akatoka na uso mzito kama wa hakimu.

"Binti hataki kabati, hataki simu, wala dhahabu. Anasema, kwa kuwa mchumba ni mtu wa shamba, na kwa kuwa amejificha kwa haya, basi asione haya tena. Mahari yake ni magunia mawili ya kahawa kavu ya maganda, kutoka kwenye hilo shamba. Achume yeye, kwa mikono yake. Binti atakuja kuyakagua mwenyewe kabla ya ndoa."

"Mwenye saruji ananiahidi nyumba ya matofali," Shabani alikumbusha, kwa ajili ya kujiheshimu.

"Anasema saruji itamkaushia mikono," Zuena alisema.

Bibi akapiga vigelegele.

Waliporudi, hata Omurushaka hawakusimama. Bibi alikuwa amefungulia sauti, kwaya ikawaka, majina yakatembea.

"Polikarpi atafurahi," alisema. "Nitamwambia uliyavuta majina mlimani kwa shida sana. Sitamwambia kitufe. Anaweza kujisikia mjinga, na ni mwanangu."

"Mungu akubariki, bibi."

"Na kuhusu kahawa. Unataka mahari kutoka shamba letu, sivyo? Basi kila ukijaza gunia lako moja, umekwisha kutujazia sisi manne. Vibarua msimu huu hawapatikani."

"Manne? Bibi, huo ni wizi!"

"Ni nini?" aliuliza Nyirabageni.

Luqman akabadilisha gia.

*

Kahawa ya Nyabiyonza ilianza kuiva mwezi wa sita. Luqman alichuma. Alijaribu kwanza kuchuma kwa mdomo: alimweleza Gloriose kwamba tunda bichi likilala na bivu usiku mmoja huiva kwa aibu. Gloriose akakimwaga kikapu chote juu ya tarubai na kumchambulisha bichi na bivu, moja moja, mpaka jua likazama. Wanawake wa shambani wakampa jina la Mjapani. Mikono ikapasuka, ikapona, ikawa migumu. Magunia manane ya nyumba yakajaa. Kisha mawili yake, na hayo Luqman aliyashona haraka kidogo.

Samiha alikuja na shangazi yake siku ya Jumatano. Alimsalimia Nyirabageni kwanza, wakakaa kwenye kigoda na mkeka wakicheka Kiswahili kitupu. Baadaye akaenda kwenye magunia. Luqman alikuwa amejipanga.

"Samiha, hapa unaona jasho lililokauka likawa..."

"Fungua."

Akafungua. Juu kulikuwa na kahawa safi, nyeusi, kavu, ikilia kama kokoto. Samiha akakunja mkono wa gauni, akazamisha mkono wote mpaka begani, akatoa kilichokuwa chini. Kilikuwa majani makavu ya mgomba.

"Hii nini?"

"Hiyo ni... ya kutunza joto. Ufundi wa zamani."

"La pili?"

Luqman alitazama viatu vyake. Havikuwa vimeng'arishwa tangu Omurushaka.

"La pili nalo lina joto," alisema.

Zuena akashika mdomo. Samiha hakucheka, na hilo lilimtisha Luqman kuliko yote. Akamshika kiganja, akakigeuza, akapitisha kidole juu ya sugu kama anayekagua kitambaa cha duka la baba yake.

"Hizi ni za kweli," alisema.

"Ni za kweli," Luqman alisema, na kwa bahati hakuongeza kitu.

"Mwenye saruji amerudi mara mbili. Nimemwambia baba asubiri kahawa iishe mitini. Imebaki mistari mingapi?"

"Kumi na minne."

"Yamwage haya. Anza upya."

"Na nikijaza mpaka chini? Ukakuta zote ni kahawa?"

"Nitakuwa nimekuamini jambo moja. Hayo mengine nitayakagua nikiwa ndani ya nyumba."

Luqman akayapindua magunia yote mawili juu ya tarubai, mbele ya wanawake wote, majani yakatoka mengi kuliko hata yeye alivyokumbuka kuyaweka. Gloriose akamrushia kikapu. Akakidaka, akaenda mstari wa kwanza, akainama, na safari hii akaanza na matunda mekundu.